Safari Yetu ya Marenga Mkali

Kila msafiri apandaye treni kutoka Gulwe kwenda Dodoma hupita kando ya nyika moja ambayo kwa macho yake ni vichaka na vumbi tu. Akisinzia kidogo, huamka amekwisha kuipita. Na tangu mwaka wa 2024, treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hata Dodoma, hata nafasi ya kusinzia imekuwa haba. Walakini watu wa zamani waliivuka nyika hiyo kwa miguu, na mizigo mabegani, na jina lake latosha kutuonyesha waliyoyapata huko. Waliiita Marenga Mkali, maana yake maji makali. Kwa Kigogo malenga ni maji.

Nyika hiyo yaanzia Chunyu, upande wa magharibi wa Mpwapwa, nayo yaishia Mvumi, uliokuwa mlango wa Ugogo. Burton na Speke waliivuka mwaka wa 1857. Stanley aliivuka mwaka wa 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone. Na msafara wake ulipoungana na misafara ya Waarabu pale Chunyu, watu wote walipata kama 400. Aliandika ya kuwa upana wa nyika ulizidi maili 30, ndizo kama kilometa 48, na ya kuwa ilipasa kuivuka katika muda wa saa 36, kwa kuwa njiani hapakuwa na tone la maji. Tena alisimulia kosa lake mwenyewe. Waarabu walijua kwamba maji ya Chunyu yana chumvi mbaya, wakawazuia wanyama wao wasiyanywe. Yeye hakuuliza, akawaacha punda wake wanywe kama desturi. Kabla ya siku tano kwisha, katika punda tisa aliokuwa nao, watano walikufa, nao ndio waliokuwa na afya kuliko wengine.

Sisi tu walimu, na habari hizi twawafundisha watoto kila mwaka. Twachora njia ya misafara ubaoni, twaandika Bagamoyo, Mpwapwa, Mvumi, Tabora, Ujiji, kisha twafuta ubao. Siku moja mtoto wa miaka 13 akainua mkono, akauliza, “Mwalimu, na wewe umepata kutembea huko?” Darasa zima likanyamaza kungoja jibu. Tukajibu, “Bado.” Jioni ile neno hilo likatusumbua, maana Chunyu si mbali, na miguu tunayo.

Basi tukakusanyika watu 12: walimu sita, wake kwa waume, jamaa zetu wanne, yule mtoto aliyeuliza pamoja na mama yake. Watu kumi na wawili ndio hao, na wa kumi na tatu alikuwa mzee mmoja wa Kigogo, mfugaji, tuliyemwomba awe kirangozi wetu. Sote tulimwita Babu, hata wale wenye mvi kama yeye. Alikuja na punda wake wawili na kibuyu chake cha maji, wala hakuwa na mzigo mwingine ila shuka na fimbo.

Tuliondoka mwezi wa Septemba, wakati wa likizo fupi ya shule. Wenyeji wa Dodoma waujua mwezi huo. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, ikaisha Aprili. Basi Septemba nchi imekwisha kukauka kabisa, majani yamekuwa rangi ya ngozi ya simba, na upepo wa mchana hujaza vumbi jekundu masikioni. Siku hizi nyika ile si tupu kama zamani. Kuna vijiji, kuna mashamba ya uwele na mtama, na mahali pengine kuna visima. Lakini kati ya kijiji na kijiji zimebaki saa nyingi za miiba na mibuyu, na sisi tulichagua kupita huko kwa kusudi, tuone zamani ilikuwaje.

Maji tuliyapima kwa hesabu ya darasani. Mtu aendaye kwa miguu katika joto, tulisema, na apewe lita nne kwa siku. Tukachukua madumu manne ya lita 20, mawili kwa kila punda, na kila mtu chupa yake ya lita mbili. Lita moja ya maji ni kilo moja ya mzigo. Neno hili kila mwalimu alijua kwa kichwa, walakini tulilielewa kweli tulipojaribu kuinua madumu. Chakula kilikuwa unga wa uwele, mlenda mkavu, karanga, chumvi na sukari. Maji ya kuwanywesha punda kabla ya kuondoka tulimwachia Babu achague mahali, kwa ajili ya yale yaliyompata Stanley.

Watu wa misafara walikuwa na mwendo wao wa kuvukia nchi isiyo na maji, nao waliuita tirikeza. Hawakuondoka asubuhi. Walipika na kula, wakanywa hata kushiba, kisha wakaondoka baada ya adhuhuri, wakaenda mpaka giza, wakalala pakavu bila kupika, na alfajiri wakaendelea mpaka kufikia maji. Akili yake ni hii: mtu aondokaye alasiri hukutana na jua kali mara moja tu kabla ya kufika, hali aondokaye asubuhi hukutana nalo mara mbili. Sisi hatukuwa na nguvu za wapagazi, basi tulikusudia kulala njiani mara mbili. Ila saa za kuondoka tuliwaiga.

Tukaondoka Chunyu saa nane mchana, Babu mbele, punda nyuma yake. Mwendo wake ulikuwa wa polepole mno. Alikwenda kama mtu atembeaye shambani kwake kutazama mimea, na kila mara aligeuka kumtazama mtu wa mwisho, naye alikuwa mama wa yule mtoto. Mama akisimama kutoa mwiba, Babu alisimama. Baada ya saa moja vijana wakaanza kunung'unika. Mwalimu mmoja kijana, mwenye kifua kipana, mchezaji wa mpira, akasema kwa mzaha, “Kwa mwendo huu mvua itatukuta.” Tukacheka sote. Akatangulia na wenzake wawili, wakawa wakitungoja chini ya miti huku wakinywa maji. Babu hakuwakataza. Alisema tu, “Anayengoja hunywa mara mbili.” Sisi tukadhani ni maneno ya wazee.

Tulilala saa mbili usiku penye uwanda usio na majani. Kwanza Babu alitufanyiza kazi: tulifyeka na kufagia mahali pa moto hata udongo ukaonekana pande zote, maana katika majani ya Septemba cheche moja yaweza kula malisho ya kijiji kizima. Tulikula ugali kwa mlenda, kwa kuwa hapo hatukuwa na moyo wa kuiga misafara. Mwezi ulikuwa mpevu, na mibuyu ikasimama myeupe kama watu waliojifunga shuka. Fisi alilia mbali. Yule mtoto akauliza kama fisi zamani walifuata misafara, Babu akamjibu kwamba fisi hufuata mtu aliyeachwa na wenzake. Mmoja wetu akasema, “Ndiyo maana wahenga walisema, Msafiri kafiri.” Tukacheka tena, tukalala.

Tulianza safari saa kumi na moja alfajiri, na mambo yote yalikwenda vema hata saa tatu. Hapo tulishuka korongo lenye kingo za udongo mwekundu. Punda wa pili aliteleza. Dumu moja likaangukia jiwe likapasuka, na la pili kifuniko chake kikaruka, na kabla hatujafika maji yamekwisha kunywewa na mchanga. Punda akainuka mzima, akatutazama. Hakuna aliyesema neno. Tulipopima yaliyobaki katika madumu mengine, baada ya yale tuliyoyanywa na kupikia, tukaona hayazidi lita 18. Simu tulikuwa nazo, ila pale korongoni hazikushika mtandao.

Babu akauliza kila mtu ana kiasi gani chupani mwake. Mmoja akasema nusu, mwingine akasema kidogo, mwingine akasema kidogo tu. Sisi tuandikao habari hii tukasema, “Robo.” Na ilikuwa kweli, chupa ya mkononi ilikuwa na robo. Lakini chini ya nguo zetu mkobani palikuwa na chupa nyingine ya lita moja na nusu, tuliyoinunua Mpwapwa bila kumwambia mtu, na kizibo chake kilikuwa hakijafunguliwa. Hatukuitaja. Tulijiambia ya kuwa si uwongo, kwa kuwa tuliulizwa habari ya chupa moja.

Tukaendelea. Jua likapanda. Wale vijana hawakutangulia tena. Hata ilipokaribia saa tano, yule mwalimu mwenye kifua kipana akaanza kuyumba. Akasema kichwa chamgonga. Akaketi chini ya mgunga, akatapika, na ngozi yake ilikuwa na jasho la baridi ijapokuwa hewa ilikuwa kama ya jikoni. Chupa yake ilikuwa tupu tangu saa tatu, naye hakusema, kwa kuwa aliona haya kuomba maji kwa watu aliowacheka jana.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo tunapotaka mtusikilize. Mtu yule alikuwa rafiki yetu. Tulikula naye meza moja miaka minne. Tulipomwona amelala, wazo la kwanza lililotujia halikuwa kumpa maji. Tulihesabu. Tulihesabu saa zilizobaki, tukahesabu lita, tukashika mkoba wetu tukauvuta karibu. Hatukujua kwamba mkono wetu waweza kufanya hivyo wenyewe, bila kuagizwa.

Babu hakuhubiri. Alitandua shuka lake akalitandaza kivulini, akaweka kibuyu chake katikati, akaketi. Kisha mama wa mtoto akaja na chupa yake, na chupa ya mwanawe, akaziweka. Akaja mwalimu mwingine, akaweka chupa, kisha akafungua mfuko wake akatoa ya pili. Mwingine naye akafanya vivyo hivyo. Chupa nne zilizofichwa zilitoka moja moja, na kila mwenyewe aliitoa akitazama chini. Ya tano ilikuwa yetu, nayo ilikuwa ya mwisho. Tulipoiweka, yule mtoto aliitazama, akasema kwa sauti ndogo, bila ubaya wowote, “Mwalimu, hii imejaa.”

Tukamtibu mgonjwa. Tulimhamisha kwenye kivuli kizito, tukamlegeza nguo na viatu, tukainua miguu yake juu ya mzigo, tukalowesha kitambaa tukampangusa uso, shingo na makwapa, na wawili wakampepea. Tukachanganya maji ya kunywa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Tulimnywesha kidogo kidogo. Mtu atokaye jasho hupoteza maji na chumvi pamoja, na sukari husaidia matumbo kuyapokea maji hayo. Mchanganyiko huu ndio ule ule upewao mtoto mwenye kuharisha, na kila nyumba yafaa iujue. Wala msisahau jambo hili: mgonjwa wa joto akiwa na ngozi ya moto sana, akinena maneno yasiyo na maana au akizimia, hiyo ni hatari ya kufa. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu. Apozwe kwa maji na upepo mara moja, na apelekwe hospitali kwa haraka.

Yule wetu hakufika hapo. Baada ya saa moja akafungua macho vema, akaomba radhi. Akaomba radhi yeye! Sisi hatukuweza kumjibu.

Tukapumzika hata saa kumi. Katika muda huo Babu alimchukua mtoto na watu wawili, akawapeleka kwenye mto wa mchanga uliokuwa nyuma ya kichaka, penye mkuyu wenye majani mabichi. Wakachimba kwenye pindo la mto, kina cha mkono mzima na zaidi, mchanga ukawa na giza, kisha unyevu, kisha maji yakaanza kujaa taratibu kama jasho. Walirudi na nusu dumu ya maji ya rangi ya chai, tukayachuja kwa kanga, tukayachemsha. Tukamwuliza Babu, “Kwa nini jana hukutuambia kwamba pana maji?” Akajibu, “Hamkuuliza. Tena mwaka mwingine hapana kitu. Maji ya mchangani si ya kuahidiwa mtu.” Tukamkumbuka Stanley na punda wake, ambao habari yao tulikuwa tumeifundisha darasani kwa miaka kadhaa, tukiisimulia kama kosa la mgeni.

Tangu saa ile chupa zetu hazikurudi mikobani. Zilikaa pamoja juu ya punda, na kila tuliposimama, Babu aligawa kwa kikombe kimoja, akianza na mgonjwa, kisha mtoto, na yeye mwenyewe mwisho. Na mtu wa mbele hakuwa tena Babu. Aliwekwa yule mgonjwa mbele, na mama nyuma yake, nasi sote tukafuata mwendo wao. Ajabu ni kwamba hatukuchelewa. Hakuna aliyesimama kumngoja mwenzake, kwa hiyo kundi zima lilikwenda bila kukatika, na usiku ule tulilala mbele zaidi kuliko tulivyokusudia.

Siku ya tatu asubuhi tukaona moshi na mapaa, tukasikia majogoo. Kina mama waliokuwa kisimani wakatusalimu, “Mbukwenyi!” tukaitika. Walitutazama miguu na midomo, wakatupa kata ya maji kabla hatujaomba. Mama wa kwanza hakuuliza sisi ni nani wala twatoka wapi. Hayo aliyauliza tulipokwisha kunywa.

Basi kwa wale watakaotaka kwenda nyikani kwa vikundi, na twawashauri mwende, maana nchi yetu haijulikani kwa kuipita ndani ya gari, twasema haya machache. Mwende na mwenyeji, na mumwulize kabla ya haja kufika. Muwaambie watu wa nyumbani njia yenu na siku ya kurudi. Maji msiyabebeshe mnyama mmoja, wala msiyaache pasipo kuyahesabu. Mwendo uwe wa aliye dhaifu, naye awekwe mbele, asiwekwe nyuma. Jua la adhuhuri likute mko kivulini. Moto uzimwe kwa mchanga hata mkono uweze kushika majivu. Na kabla ya kuondoka, kila mtu aonyeshe mbele ya wenzake maji yote aliyo nayo. Sharti hili laweza kuonekana dogo, tena la kutiliana shaka. Lakini mtu akishaficha chupa, haifichi kwa wenzake tu, huanza kuwahesabu.

Shule ilipofunguliwa, tulichora tena njia ya misafara ubaoni. Yule mtoto alikuwa ameketi mahali pake. Wenzake wakatuomba tusimulie safari, nasi tukaanza: punda, korongo, madumu, mgonjwa. Tulipofika habari ya shuka la Babu tukasita, na mtoto yule akainamisha kichwa akatazama daftari lake. Alikuwa akitusitiri. Hakuwa amemwambia mtu hata mmoja.

Tukaweka chaki mezani, tukawaambia watoto habari ya chupa.

Hawakucheka. Baada ya kitambo msichana mmoja wa nyuma akauliza, “Sasa Mwalimu, ukienda tena?” Tukajibu kwamba tutakwenda tena Septemba ijayo, Babu akijaliwa uzima, na ya kuwa yule mwalimu kijana amekwisha kuandikisha jina lake, naye ametaka atembee nyuma, pamoja na punda.